Sado-gun imeenda wapi? Jibu kwa mzee wa Tanga na bahasha yake ya 1994

Mzee mmoja wa Tanga kaniandikia. Miaka ya 90 alikuwa na rafiki wa kalamu huko Japani, na mpaka leo kaitunza bahasha ya mwaka 1994 ambayo nyuma yake anwani ya mtumaji imeandikwa hivi: Hamochi-machi, Sado-gun, Niigata-ken, yani mji mdogo wa Hamochi, wilaya ya Sado, mkoa wa Niigata. Mjukuu wake kaitafuta kwenye ramani ya simu, Hamochi-machi hamna, Sado-gun hamna, kinachotokea ni jiji la Sado na picha za mashamba ya mpunga na milima. Anauliza mambo matatu: wilaya nzima inapoteaje, hilo jiji lenye mpunga mtupu ni jiji la aina gani, na akituma barua leo itafika?

Shikamoo mzee wangu. Naanza na la barua kwasababu ndo jepesi. Kisiwa kipo, Hamochi ipo, nyumba zipo, na kwa kawaida namba za nyumba hazikuguswa kwenye hiki kitu kilichotokea, kilichobadilika ni maneno ya katikati ya anwani tu. Palipoandikwa Sado-gun, Hamochi-machi wewe andika Sado-shi, yani jiji la Sado, halafu jina la mtaa linalofuata pamoja na namba yake liache kama lilivyo kwenye bahasha. Mara nyingi utakuta jina la mji wa zamani limejibana ndani ya jina la mtaa, mfano kuna mahali panaitwa Hamochi-Hongo, leo ni Sado-shi, Hamochi-Hongo, basi, watu wa posta wanaelewa. Namba ya posta ya mwaka 1994 imeshapitwa na wakati, Japani walihamia tarakimu saba mwaka 1998, ila kisiwa chote kinaanza na 952 kwahiyo mjukuu akiingia kwenye tovuti ya posta ya Japani akaweka jina la mtaa atapewa nne zilizobaki. Andika na jina la Hamochi hata kama unaona umelirudia, halidhuru kitu.

Sasa tuje kwenye wilaya, na hapa naomba uvumilivu kidogo.

Sisi tukisikia wilaya tunaona mkuu wa wilaya, gari lenye bendera, ofisi, hospitali, mahakama, na kamati ya ulinzi na usalama inakutana. Hiyo Sado-gun iliyoandikwa kwenye bahasha yako haikuwa na hata kimoja. Hakukuwa na mkuu, hakukuwa na ofisi, hakukuwa na bajeti, hakukuwa na mtumishi hata mmoja, mfagizi hakuna. Ilikuwa ni jina la eneo, linatumika kwenye anwani, kwenye ramani, kwenye kugawa majimbo ya uchaguzi wa baraza la mkoa, na kwenye vitu kama chama cha michezo cha shule au chama cha madaktari ambao walizoea kujipanga kwa mipaka hiyo. Haikuwa hivyo tangu zamani lakini. Mwaka 1878 serikali ya mfalme Meiji ilipopanga upya utawala wa nchi ilizipa hizi gun, yani wilaya, ofisi na mkuu wake kabisa, anateuliwa kutoka juu, na baadae zikapewa na mabaraza. Ikaonekana ni ngazi ya katikati inayokula pesa na haina kazi ya maana kwasababu mkoa upo juu na vijiji vipo chini na vyote vinajiweza, kwahiyo mabaraza yakafutwa 1923 na ofisi zikafungwa 1926. Jina halikufutwa. Yani mpaka 2004, kwa karibu miaka 80, wilaya za Japani zilikuwa zikiishi kama majina matupu, na anayekwambia Sado-gun ilivunjwa mwaka 2004 hajakosea kwenye karatasi, ila kilichovunjwa hasa mwaka huo ni kitu kingine na ndo nataka nikueleze.

Kwanza kisiwa chenyewe. Sado ipo Bahari ya Japani, mbele ya pwani ya mkoa wa Niigata, ina kilomita za mraba kama 855, ni ndogo kidogo kuliko Pemba. Ukiiangalia kwenye ramani inafanana na herufi S: safu ya milima kaskazini ambayo kilele chake, Kinpoku, kina mita 1,172, safu nyingine ya chini kusini, na katikati bonde pana linaitwa Kuninaka ambako ndo huo mpunga aliouona mjukuu. Kutoka jiji la Niigata feri kubwa inayobeba magari inachukua kama saa mbili na nusu mpaka bandari ya Ryotsu, na boti za kasi saa moja na dakika chache. Zamani kilikuwa kisiwa cha kupelekwa watu walioudhi wakubwa. Mfalme Juntoku alipelekwa 1221 baada ya kushindwa vita na serikali ya kijeshi ya Kamakura, akafia hukohuko, mtawa Nichiren akapelekwa 1271, na Zeami, yule bwana aliyeipa tamthilia ya Noh sura yake, akapelekwa 1434 akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Halafu mwaka 1601 ikaonekana dhahabu upande wa magharibi, Aikawa, na mambo yakageuka, utawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa ukaichukua Sado chini ya mkono wake moja kwa moja na Aikawa ikawa mji wa makumi elfu ya watu, wachimbaji, wafuaji, wauza pombe, kila aina. Ukienda leo utaona mlima mmoja umepasuliwa katikati kuanzia kileleni kama mtu kaukata kwa shoka, ni mikono ya watu hiyo, waliufuata mshipa wa dhahabu kutoka juu kwenda chini. Mgodi ulifungwa 1989.

Kiutawala, kisiwa hiki hakikuwa na wilaya moja tangu enzi. Zilikuwa tatu, Sawata, Kamo na Hamochi, na mwaka 1896 zikaunganishwa zikawa Sado-gun. Kwahiyo hiyo wilaya yako mzee nayo ilizaliwa kwa kuunganishwa! Na umeona, Hamochi ilishawahi kuwa jina la wilaya nzima kabla ya kuwa jina la mji mdogo, kabla ya kuwa jina la mtaa. Inashuka ngazi tu.

Chini ya gun ndo kulikuwa na nguvu zenyewe. Japani ina mikoa, inaitwa ken, halafu chini yake kuna shi, machi na mura. Shi tuseme manispaa au jiji, machi mji mdogo, mura kijiji, ila usije ukadhani ni kijiji cha mwenyekiti na mtendaji tu, mura ina meya wake anayepigiwa kura, ina baraza la madiwani, inakusanya kodi yake, ina shule za msingi na za kati, maji, taka, zimamoto, inaandikisha vizazi na vifo. Kisheria nayo ni halmashauri kamili kama lilivyo jiji. Na sheria inasema machi na mura ndo zinakuwa ndani ya gun, shi haimo. Mji ukikua ukapewa hadhi ya shi unatoka kwenye wilaya siku hiyohiyo. Ryotsu, pale feri inapofunga, ilipandishwa kuwa shi mwaka 1954, kwahiyo kuanzia hapo Sado-gun ikawa ni kisiwa kizima ukitoa Ryotsu, na mgeni aliyeshuka bandarini miaka ile akasema nimefika Sado-gun alikuwa bado hajafika, ilibidi apande basi kwanza.

Zilizobaki ndani ya wilaya zilikuwa tisa. Miji midogo saba: Aikawa ya dhahabu, Sawata, Kanai, Hatano, Mano, Ogi na Hamochi. Na vijiji viwili, Niibo na Akadomari. Kila kimoja na mambo yake. Ogi ipo ncha ya kusini, wanawake wa huko wanavua konokono wa baharini na mwani kwa kukaa ndani ya pipa la mbao lililokatwa nusu, linaitwa tarai-bune, anasukuma kwa kasia moja na pipa linakwenda mbele bila kuzunguka, ukijaribu wewe utazunguka hapohapo mpaka kichefuchefu. Ogi ndo pia makazi ya kundi la ngoma la Kodo, lililoanza 1981 na limezunguka dunia nzima. Mano kuna kaburi la yule mfalme Juntoku. Hamochi ya rafiki yako ni miso, yani rojo ya soya iliyochachushwa, na matunda ya kaki yasiyo na mbegu, yanaitwa Okesa-gaki, yakichumwa ni makali yanakamata ulimi, wanayapitishia pombe kwanza ukali utoke ndo yanaenda sokoni. Na Niibo ndo kijiji cha ndege, hiyo nitairudia.

Wilaya ilikoma usiku wa tarehe 29 Februari 2004. Ndio, mwaka mrefu, Jumapili, kwahiyo hata anayetaka kuadhimisha siku ya mwisho ya Sado-gun anaipata mara moja kila miaka minne. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 1 Machi, halmashauri kumi, yani Ryotsu pamoja na zile tisa, zilikuwa zimefutwa zote kwa pamoja na mahali pake ikasimama moja, Sado-shi. Angalia hapo: Ryotsu haikuwameza wenzake, na yenyewe ilifutwa. Kuna aina mbili za muungano kule, moja mkubwa anameza wadogo na jina lake linabaki, nyingine wote wanakufa anazaliwa mpya, na Sado walichagua ya pili, kwa heshima kidogo naona mimi, ili asiwepo wa kusema nimemezwa. Kwakuwa sasa hakuna machi wala mura iliyobaki kisiwani, gun ikawa haina cha kubeba, ikafa yenyewe. Hakuna aliyekaa kikao cha kuivunja wilaya. Ilikwisha kwasababu vilivyokuwa ndani yake vimekwisha.

Na hapo swali lako la pili limejijibu nusu. Shi sio mji kwa maana ya maghorofa na foleni. Ni daraja la kisheria. Kawaida unatakiwa uwe na watu 50,000, Sado walikuwa na kama 70,000 ukijumlisha kisiwa chote, basi ikapita bila shida na milima yake na mpunga wake. Kipindi kile serikali ilishusha kiwango mpaka 30,000 kwa wanaoungana, ndo maana leo Japani imejaa majiji ambayo unaendesha gari nusu saa unaona miti tu halafu kibao kinasema bado upo jijini.

Kwanini waliungana? Pesa. Watakwambia ufanisi, watakwambia idadi ya watu inashuka, watakwambia mipaka ya zamani haiendani na watu wanavyotembea na magari siku hizi, na yote ni kweli, lakini ukikaa na mtu aliyekuwa kwenye ofisi ya kijiji miaka ile atakwambia pesa. Japani imeshaunganisha vijiji mara tatu kwa mkupuo. Ya kwanza mwaka 1888 na 1889, vijiji na miji 71,314 ikashuka ikawa 15,859 ndani ya mwaka mmoja na kidogo, hesabu yao ilikuwa kila kijiji kiwe na kaya 300 mpaka 500 ili kiweze kuendesha shule ya msingi. Ya pili miaka ya 50 baada ya vita, kutoka 9,868 mwaka 1953 mpaka 3,472 mwaka 1961, na safari hii kipimo kilikuwa watu 8,000 ili kiweze kubeba shule ya kati maana mageuzi ya elimu yaliileta shule hiyo kuwa lazima. Hizi mbili angalau ukiuliza kwanini unaonyeshwa darasa. Ya tatu ndo hii inayoitwa ya Heisei, jina la enzi ya mfalme wa wakati huo, kutoka 3,232 mwaka 1999 mpaka 1,727 mwezi Machi 2010, na hii haikuwa na shule, ilikuwa na hesabu.

Hesabu yenyewe ni hivi. Kijiji kama Akadomari kodi yake mwenyewe haitoshi kuendesha mambo, sehemu kubwa ya bajeti inatoka kwa ruzuku ya serikali kuu ambayo inagawiwa kwa fomula, na fomula ilikuwa inawapendelea wadogo kidogo kwasababu kuendesha kijiji cha watu wachache kila kichwa kinagharimu zaidi. Mwaka 2004 mpaka 2006 serikali ya waziri mkuu Koizumi ikafanya mageuzi ya fedha na ruzuku hiyo ikakatwa sana. Upande mwingine wakaweka chambo: mkiungana kabla ya sheria ya muungano kuisha muda wake Machi 2005, ruzuku yenu itaendelea kuhesabiwa kwa miaka 10 kana kwamba bado mko kumi, halafu miaka mitano inashuka polepole. Na juu yake mnaruhusiwa kukopa mkopo maalum wa muungano, ambao unagharamia asilimia 95 ya mradi na asilimia 70 ya marejesho analipa serikali kuu. Chukua mradi wa yen 100 tu tuone: unakopa 95, katika hizo 66 na nusu anakulipia mwingine, wewe unabaki na 28 na nusu za deni na 5 ulizotoa mfukoni. Ukumbi mpya wa yen 100 kwa yen 33 na nusu. Nani atakataa? Na akikataa ruzuku inakatwa hivyohivyo. Mtu akikuwekea moto nyuma na ubwabwa mbele halafu akasema umekwenda kwa hiari, mimi hiyo hiari naitilia shaka.

Ubaya wa chambo ni kwamba kina tarehe ya mwisho. Hiyo miaka 10 kwa Sado iliisha katikati ya muongo uliopita, na ngazi ya kushuka ikaanza, wakati watu nao wanashuka. Mwaka 1950 kisiwa kilikuwa na watu kama 125,000. Mwaka 2000, miaka minne kabla ya muungano, kama 72,000. Sensa ya 2020 ikawakuta 51,000 na kidogo. Kusema muungano ndo umewapunguza ni uongo, vijana wa Sado wameanza kuvuka maji kwenda Niigata na Tokyo zamani sana, ila na wale waliosema muungano utaokoa kisiwa nao mzee wangu wameze mate.

Kilichopotea hasa ni yakuba. Ndo ofisi ya mji mdogo au kijiji, na kwa mtu wa shamba kule ilikuwa ni kila kitu. Unakwenda kuandikisha mtoto, unakwenda kusajili muhuri wako maana Japani bila muhuri uliosajiliwa huuzi shamba wala huchukui mkopo, unakwenda kulalamika kwamba theluji haijasukumwa mbele ya njia yako na bibi yako anashindwa kutoka, na yule karani nyuma ya kaunta ni mtoto wa jirani, anajua bibi ni nani na njia ni ipi, anampigia simu mwenye trekta hapohapo. Makao makuu ya Sado-shi yakawekwa Chigusa, kwenye iliyokuwa Kanai, katikati ya bonde. Kwenye ramani ni uamuzi wa haki kabisa, katikati ni katikati. Kwa mtu wa Hamochi maana yake ni kuvuka safu ya milima ya kusini au kuzunguka na barabara ya pwani kupitia Mano, na majira ya baridi upepo wa Bahari ya Japani hauna utani. Ofisi za zamani hazikufungwa moja kwa moja, ziligeuzwa matawi, nyingine zikabaki na kaunta za huduma, cheti unapata. Lakini anayeamua hayupo pale tena. Meya hayupo, madiwani wa pale hawapo, bajeti haipo, na karani anaweza kuhamishwa kesho akaletwa wa upande wa pili wa kisiwa ambaye bibi hamjui.

Kuna jambo moja linaonyesha vizuri jinsi anwani ilivyopita juu ya vichwa vya watu. Agosti 1978 msichana wa miaka 19, Hitomi Soga, alitekwa pamoja na mama yake na majasusi wa Korea Kaskazini wakiwa wanatoka dukani jioni, Mano-machi, Sado-gun. Mama hajaonekana mpaka leo. Yeye alirudishwa Oktoba 2002, akarudi kwao, bado ni Mano-machi, Sado-gun, anwani ilikuwa imemsubiri miaka 24. Mume wake, Charles Jenkins, askari Mmarekani aliyevuka kwenda Kaskazini 1965, alifika kisiwani na mabinti zao Desemba 2004, na kufikia hapo mji wa mkewe ulikuwa hauko tena, wakaandikishwa Sado-shi. Vita baridi, utekaji, mazungumzo ya mawaziri wakuu, vyote havikuifuta Mano-machi, ikaja kufutwa na fomula ya ruzuku.

Na Niibo niliyokuahidi. Kuna ndege anaitwa toki, jamii ya kwarara, mweupe lakini mbawa kwa ndani zina rangi ya waridi na uso mwekundu. Zamani walikuwa Japani nzima, wakawindwa na dawa za mashamba zikawamaliza, wa mwisho watano wa porini walikamatwa Sado 1981 ili wazalishwe, haikufaulu. Wa mwisho kabisa aliyezaliwa Japani, jike jina lake Kin, alifia kwenye kituo cha Niibo Oktoba 2003. Miezi mitano baadae na Niibo yenyewe ikafutwa. Ila China walikuwa wameshatoa jozi mwaka 1999 na vifaranga vikapatikana, na Septemba 2008 wakaachiwa kumi wa kwanza wakaruke. Hapa nitawapa Sado-shi haki yao: toki hajui mpaka wa kijiji, analala Niibo anakula Hatano, na kuwashawishi wakulima wa bonde zima wapunguze dawa, wachimbe mifereji ya samaki na vyura pembeni ya majaruba, waache maji shambani msimu wa baridi, kisha mchele wao uuzwe kwa jina moja na kwa bei ya juu, hilo lingekuwa gumu kwa halmashauri kumi kila mmoja na meya wake. Mwaka 2011 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa likauingiza ukulima huo kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo, na leo toki wa porini wamevuka mia tano. Hata migodi kuingizwa urithi wa dunia wa UNESCO Julai 2024, baada ya mvutano mrefu na Korea Kusini kuhusu Wakorea waliopelekwa kufanya kazi mle wakati wa vita, nadhani ilisaidia kwamba kisiwa kinaongea kwa mdomo mmoja.

Usije ukadhani wote waliungana lakini. Niigata ilikuwa na halmashauri 112, leo zipo 30, ni moja ya mikoa iliyofyekwa zaidi, na wilaya zake zilizobaki ni kichekesho kidogo, nyingi zina mwanachama mmoja tu: Minami-Uonuma-gun ni Yuzawa peke yake, Nishi-Kanbara-gun ni kijiji cha Yahiko peke yake, Kariwa-gun ni kijiji cha Kariwa peke yake. Wilaya ya kijiji kimoja! Ukitazama nani kabaki utaona na kwanini. Kariwa ina kinu cha nyuklia kwenye ardhi yake, kodi inaingia, hakuhitaji ndoa ya mtu. Yuzawa ina watelezaji wa theluji na treni ya kasi inasimama. Na kuna Awashimaura, kisiwa kidogo mno kaskazini-mashariki mwa Sado, watu kama 350, hawana kinu wala treni, wamebaki kijiji chenye meya wake na baraza lake, na kwasababu yao na ya wenzao wa kijiji cha Sekikawa, Iwafune-gun bado ipo kwenye anwani. Mkoa wa Fukushima nako mji wa Yamatsuri ulitoa tamko mwaka 2001 kwamba hauungani na yeyote, ukaweka msimamo, na mpaka leo upo.

Tukirudi kwenye makaratasi yako, maana umesema mjukuu anataka kuandika historia ya hizo barua. Asibadilishe kitu. Barua ya 1994 ilitoka Hamochi-machi, Sado-gun, na aandike hivyo, kitu chochote mpaka mwisho wa Februari 2004 ni Sado-gun isipokuwa kilichotoka Ryotsu baada ya 1954, hicho ni Ryotsu-shi bila gun. Kuanzia Machi 2004 ni Sado-shi kwa wote. Na akikutana na karatasi ya kisiwani ya kabla ya 1896, atakuta Kamo-gun, Sawata-gun au Hamochi-gun, asishtuke akadhani ni sehemu nyingine, ila awe makini na Kamo kwasababu gun zenye jina hilo zilikuwepo mikoa mingine pia, aangalie kwanza juu yake kumeandikwa Sado au la. Halafu kama mnafikiria safari, kwenye vitabu vya zamani vya wageni mtaona feri ya kwenda Akadomari kutoka Teradomari, ilisitishwa 2019. Kwa mtu anayekwenda Hamochi iliyo karibu ni ile ya Naoetsu kwenda Ogi, ulizeni kwanza ratiba maana baridi ikiingia meli za upande huo zinapungua au zinasimama kabisa, vinginevyo shukeni Ryotsu kama watu wote mkapande basi.